Kutoka Chuo Mapema Kwenda NFL: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wazazi waswahili walioko Marekani wanauliza sana, pamoja na vijana wao, na washabiki wa nyumbani wanaoanza kufuatilia huu mchezo usiku wa manane. Msimamo wangu nauweka wazi kabisa tangu mwanzo: kijana anayeacha chuo mapema kwenda kucheza kulipwa sio mroho wa hela na sio mtoro wa shule, mwili wake una muda na yeye anaujua huo muda kuliko sisi tunaomuangalia kwenye TV. Ila tangu 2021 mambo yamebadilika sana, na ushauri uliokuwa sawa miaka kumi iliyopita leo unaweza kumpoteza mtoto wa mtu.

Ni mpira gani huu tunaongelea?

Futiboli ya Kimarekani, ule wa helmeti na mpira wa umbo la yai, sio soka. Nasema hivo kwa sababu kwenye soka kijana wa miaka 16 akiwa mkali anaingia akademi, klabu inamlea, anasaini mkataba, shule itajijua. Huku hakuna kitu kama hicho. NFL, yaani ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huu, haina akademi wala timu za vijana, njia ni chuo kikuu basi, na chuo ndo kinabeba gharama yote ya kumkuza mchezaji alafu ligi inakuja kuchukua aliyeiva bila kulipa ada ya uhamisho hata senti. Ukishalielewa hilo, mengine yote yanafuata.

"Kutoka mapema" maana yake nini hasa?

NCAA, ambao ndo wasimamizi wa michezo ya vyuo, kwa miaka mingi kanuni yao ni misimu minne ya kucheza ndani ya miaka mitano. Wengi mwaka wa kwanza hawachezi au wanacheza mechi chache tu, wanafanya mazoezi na kuongeza mwili, na mwaka huo hauhesabiwi kwenye minne. Sasa yule ambaye bado ana msimu mkononi lakini anaiambia NFL nipo tayari nichagueni kwenye drafti, yaani lile zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, huyo ndo katoka mapema. Mwisho wa kujitangaza huwa katikati ya Januari.

Kwa nini asiende NFL moja kwa moja akitoka sekondari?

Haruhusiwi. Sheria inataka miaka mitatu iwe imepita tangu darasa lake limalize sekondari. Haijalishi ana nguvu kiasi gani, haijalishi kocha gani anamtaka.

Aliyejaribu kuivunja hii sheria mahakamani ni Maurice Clarett, mkimbiaji wa chuo cha Ohio State. Dogo alikuwa mwaka wa kwanza tu msimu wa 2002, timu yake ikachukua ubingwa wa taifa Januari 2003 dhidi ya chuo cha Miami, na tachidauni (ndo bao la huku) ya ushindi kwenye muda wa nyongeza wa pili akafunga yeye. Msimu uliofuata akasimamishwa, hachezi, na NFL nako haruhusiwi, kwaiyo akaishtaki ligi. Februari 2004 jaji Shira Scheindlin akampa ushindi, watu wakashangilia, wachezaji wengine wakaanza kujitangaza, alafu Mei mwaka huo huo mahakama ya rufaa ikageuza kila kitu. Hukumu iliandikwa na Sonia Sotomayor, huyu huyu ambaye baadae alikwenda mahakama ya juu kabisa ya Marekani. Hoja ya mahakama ni kwamba haya ni mambo ya ajira kati ya ligi na chama cha wachezaji, wao ndo wanakubaliana nani aingie na lini, na anayetaka kuingia anafuata masharti yale yale hata kama hakuwepo mezani.

Aliyeumia zaidi kwa maoni yangu ni Mike Williams, mpokeaji wa pasi wa USC, chuo cha California. Yeye aliona hukumu ya Februari akajitangaza, akachukua ejenti, na rufaa ilipogeuka akakuta NFL imefunga na chuo nako hawezi kurudi maana NCAA walimkatalia. Akakaa mwaka mzima bila timu. Mwaka 2005 timu ya Detroit wakamchukua namba 10, yaani wa kumi kuchaguliwa, na Clarett akachukuliwa na Denver mwisho wa raundi ya tatu, akaachwa kabla hata msimu haujaanza.

Hiyo miaka mitatu ni ya kumlinda kijana au ni ya kuilinda ligi?

Yote mawili yanasemwa, na lile la kwanza lina ukweli wake maana kijana wa miaka 18 kugongana na mtu mzima wa miaka 30 mwenye kilo 140 ni hatari kweli. Lakini tusidanganyane, aliyenufaika zaidi ni ligi. Inapata miaka mitatu ya kumtazama mchezaji bure kabla ya kumlipa, na vyuo vinapata nyota wa kujaza viwanja vya watu laki moja. Basketiboli wanasubiri mwaka mmoja tu, besiboli wanachukuliwa wakitoka sekondari. Ni huku tu, kwenye mchezo unaovunja mwili kuliko yote hiyo, ndo kijana anaambiwa acheze miaka mitatu kwanza, na mpaka juzi juzi hapa alikuwa anacheza bila mshahara.

Mfano unaoniuma mpaka leo ni Marcus Lattimore, mkimbiaji wa chuo cha South Carolina. Mwaka wa kwanza, 2010, alikimbia na mpira zaidi ya yadi 1,100 msimu mzima na kila mtu aliona huyu ni wa NFL. Sheria ikamwambia subiri. Mwaka 2011 goti likaharibika. Akarudi, Oktoba 2012 goti la pili likateguka vibaya sana mbele ya kamera, ukiiona ile video unafumba macho. San Francisco wakamchukua raundi ya nne 2013 kwa heshima ya kipaji chake, hakuwahi kucheza hata mechi moja, 2014 akastaafu.

Zamani wachezaji walikuwa wanatoka vipi?

Zamani ilikuwa mpaka darasa lako limalize miaka minne, hakuna mjadala. Herschel Walker wa Georgia, mshindi wa tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo, 1982, alitoka baada ya misimu mitatu lakini hakwenda NFL, alikwenda ligi nyingine iliyoitwa USFL, timu ya New Jersey Generals, mwaka 1983. Alafu 1989 Barry Sanders akaruhusiwa kuingia NFL mapema kwa hali ya pekee maana chuo chake Oklahoma State kilikuwa kimefungiwa adhabu. NFL waliona hii wakienda nayo mahakamani wanaweza kupigwa, kwaiyo 1990 wakaufungua mlango kwa wa mwaka wa tatu. Mmoja wa waliopita mlango huo mwaka ule ule ni Emmitt Smith, ambaye mpaka leo hakuna aliyemzidi kwa jumla ya yadi za kukimbia NFL, 18,355.

Drafti inaendaje na hela inagawanywaje?

Timu 32, raundi saba, siku tatu mwishoni mwa Aprili, wanachaguliwa vijana kama 250 na kidogo. Timu mbovu inachagua kwanza. Wewe mchezaji huchagui mji wala kocha.

Kuhusu hela, tangu mkataba wa ligi na wachezaji wa 2011, nafasi uliyochaguliwa ndo karibu inaamua mshahara wako wote. Kabla ya hapo ilikuwa ni kuvutana. Sam Bradford, namba moja wa 2010, alipata miaka sita dola milioni 78, na milioni 50 kati ya hizo za uhakika. Mwaka mmoja tu baadae Cam Newton, namba moja pia, akapata miaka minne milioni 22. Yaani kuchelewa miezi kumi na mbili kukakata hela kiasi hicho. Caleb Williams wa 2024 yeye alikuwa kama milioni 39 na nusu kwa miaka minne, zote za uhakika.

Sasa shuka chini uone. Wa raundi ya saba kwenye karatasi anaonekana ana mkataba wa mamilioni ila kilicho mkononi kweli ni bonasi ya kusaini, karibu laki moja ya dola, iliyobaki anaipata akibaki kwenye timu, akikatwa Agosti basi. Hapa ndo familia nyingi zinapotea, wanasoma namba ya juu kwenye habari wanaanza kupigia simu ndugu.

Kijana anajuaje atachaguliwa raundi gani?

NFL wana kamati ya ushauri, watu wa timu wanaoangalia video za mchezaji na kumjibu kwa siri. Majibu ni matatu tu: una uwezo wa raundi ya kwanza, una uwezo wa raundi ya pili, au rudi chuo. Kijana anaomba kupitia kocha wake wa chuo.

Ushauri wangu, jibu likiwa la tatu liheshimu. Najua kuna wajomba, kuna marafiki, kuna watu wa Instagram wenye orodha zao za drafti wanaomuweka dogo namba 40, lakini hao hawaajiri mtu. Kamati nayo inakosea, hilo lipo, ila inakosea kidogo kuliko mjomba.

Na asipochaguliwa kabisa?

Anakuwa huru kusaini na timu yoyote inayomtaka, na dakika ile ile drafti inapoisha simu zinaanza kulia. Wengine wametoboa kwa njia hiyo. Lakini wengi wanaingia kambi ya mazoezi na wanakatwa timu zinaposhuka mpaka wachezaji 53. Wenye bahati wanabaki kikosi cha mazoezi, ambacho mwaka 2025 kima cha chini kilikuwa dola 13,000 kwa wiki, na mwenye nafasi kamili kwenye timu akiwa mgeni alianzia 840,000 kwa mwaka. Sio hela ndogo hizo, shida ni kwamba wiki ijayo hujui upo au haupo.

Akishajitangaza anaweza kubadilisha mawazo arudi chuo?

Anapewa siku chache tu baada ya tarehe ya mwisho kujiondoa, na zikipita basi, hata asipochaguliwa chuo hakimpokei tena kucheza. Basketiboli wana utaratibu wa kwenda kujipima kwenye majaribio alafu wanarudi shule, futiboli hawana. Ndo maana nasema Januari isimkute kijana hajui anafanya nini.

Si asubiri tu mwaka mmoja zaidi, ana haraka gani?

Hili swali wanauliza sana wazazi wetu, na naelewa linatoka wapi, sisi tumelelewa kwamba unachoanza unamaliza. Lakini angalia huu mchezo unavyoenda. Chama cha wachezaji kinasema wastani wa maisha ya mchezaji NFL ni kama miaka mitatu na kitu. Aliyechaguliwa anafungwa mkataba wa miaka minne kwa bei ya ligi, wa raundi ya kwanza timu inaweza kumuongezea wa tano, na hela ya kweli, ile ya kubadilisha ukoo, inakuja mkataba wa pili. Kwaiyo kila mwaka unaokaa chuo unausogeza ule mkataba wa pili mbele. Kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, anaweza kucheza mpaka miaka 38 hana wasiwasi sana. Mkimbiaji, yule anayepewa mpira na kugongwa mara 20 kila mechi, akifika miaka 28 timu zinaanza kumuona mzee, na kugongwa kule chuoni kunahesabika mwilini hata kama hakulipwa.

Alafu kuna kuumia. Kwenye fainali ile ile Clarett aliyofunga, upande wa Miami alikuwepo Willis McGahee, mkimbiaji aliyekuwa anatajwa kwenye nafasi za juu kabisa. Robo ya nne goti likakunjika kinyume. Buffalo walimchukua namba 23 hivo hivo na akacheza miaka mingi, alikuwa na bahati. Jaylon Smith wa Notre Dame, Januari 1, 2016, mechi ya mwisho kabla ya kuondoka, kano za goti zikakatika na mshipa wa fahamu ukaguswa, kutoka watano bora akashuka mpaka namba 34, na msimu wa kwanza mzima hakucheza. Yeye angalau alikuwa na bima ya kushuka thamani, ile inayolipa mchezaji akishuka kwenye drafti kwa kuumia, ikamlipa. Hiyo bima ipo, na mzazi wa kijana anayetarajiwa raundi za juu aiulizie chuoni mapema kabla msimu haujaanza.

Ndo maana siku hizi wanakacha mechi ya mwisho ya msimu?

Ndio. Desemba 2016 Christian McCaffrey wa Stanford na Leonard Fournette wa LSU walisema hawachezi mechi za sikukuu za timu zao, wanajiandaa na drafti. Wakatukanwa sana kwamba wamewatupa wenzao. Aprili Fournette akachaguliwa namba 4 na McCaffrey namba 8, ule mjadala ukapoa, na sasa ni kawaida kila Desemba. Mimi siwalaumu hata kidogo. Mechi ya ubingwa ni kitu kingine, pale wachache sana wanaokataa.

Kuna waliobaki wakafaidika?

Wapo, na ni wengi upande wa kwotabeki. Peyton Manning alimaliza digrii yake Tennessee kwa miaka mitatu, angeweza kuondoka 1997, akabaki mwaka wa nne na 1998 akawa namba moja. Andrew Luck wa Stanford angekuwa namba moja 2011 akasema hapana, nataka nimalize shule, akasomea usanifu, akawa namba moja 2012 vile vile. Joe Burrow kabla ya msimu wa 2019 hakuna aliyemuweka hata raundi za juu, akarudi LSU, tachidauni 60 za kupasia, timu haikufungwa mechi hata moja, akatoka namba moja.

Upande wa pili yupo Matt Leinart, alichukua Heisman 2004 na wengi walimuona namba moja, akarudi USC, 2006 akaenda namba 10. Hiyo sio mbaya. Iliyouma ni ya Matt Barkley, USC hiyo hiyo, alirudi msimu wa 2012 timu ikiwa inapewa nafasi ya kwanza kitaifa, ikaisha na ushindi saba tu, yeye akaumia bega, 2013 akachaguliwa namba 98 raundi ya nne. Nimeangalia hizi habari kwa miaka na ninachokiona ni kwamba anayerudi akiwa na kitu bado hajakionyesha huwa anapanda, na anayerudi akiwa ameshaonyesha kila kitu ana zaidi ya kupoteza.

NIL ni nini na imebadilisha nini?

Hapa ndo pa kusoma kwa makini. Mpaka Juni 2021 mchezaji wa chuo akiuza hata jezi yake au akilipwa kusaini picha anafungiwa. Kocha analipwa mamilioni, TV wanalipa mabilioni, kijana anapata ada, chakula na kitanda. Julai 1, 2021 NCAA wakaruhusu wachezaji kulipwa kwa matumizi ya jina, picha na umaarufu wao, hiyo ndo NIL. Haraka sana wafadhili wa vyuo wakaanza kuchanga hela na kuzigawa kwa wachezaji. Alafu Juni 2025 jaji Claudia Wilken akapitisha makubaliano ya kesi inayoitwa House, vyuo vyenyewe vikaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mwaka wa kwanza mpaka dola milioni 20.5 kwa chuo kwa michezo yote, na futiboli inakula sehemu kubwa.

Matokeo yake yanaonekana. Drafti ya 2021 vijana waliojitangaza mapema walizidi 120. Drafti ya 2024 hawakufika 60. Hakuna muujiza hapo, ni kwamba yule wa raundi ya nne au ya tano ambaye zamani alikuwa anaondoka ili apate chochote, sasa chuo kinaweza kumlipa zaidi ya bonasi ya kusaini ya NFL, na mwakani anajaribu tena. Mimi hii naiona haki iliyochelewa, na inaniuma kwa kizazi chote kilichopita kabla yake, akina Lattimore.

Angalia Quinn Ewers wa Texas. Alikuwa na mwaka mmoja umebaki, taarifa za wakati ule zilisema vyuo vingine vilikuwa tayari kumpa mamilioni akihamia, akachagua drafti ya 2025, Miami Dolphins wakamchukua raundi ya saba, namba 231. Kwa hela pekee kubaki kungemlipa zaidi, hilo halina ubishi, ila naye alikuwa na mwili uliochoka kuumia na huwezi kumpangia mtu.

Kitu kingine, kuhama chuo kumekuwa rahisi, mchezaji anajiandikisha kwenye mfumo wa uhamisho na msimu ujao anacheza. Kwaiyo swali la Januari sio tena "kubaki au kwenda NFL", ni matatu: kubaki, kuhamia chuo kinacholipa, au kwenda.

Kijana wangu yupo kwa visa ya mwanafunzi, naye anaweza kulipwa NIL?

Tahadhari kubwa hapa. Visa ya F-1 inabana sana kazi za kulipwa ndani ya Marekani, na kutengeneza tangazo kwa malipo kunaweza kuhesabika kama kazi. Wenzake wanasaini, yeye asisaini kitu kabla ya kuongea na mwanasheria wa uhamiaji, na asitegemee maneno ya mfadhili au kocha msaidizi. Mwenye green card au uraia hana tatizo hili. Kwa kijana wa F-1 mwenye uwezo wa kweli basi ile faida ya kubaki chuo kwa ajili ya hela karibu haipo, hesabu yake inabaki ile ya zamani.

Na digrii je?

Digrii haikimbii. Emmitt Smith alitoka Florida 1990 akamaliza 1996 akiwa ameshachukua ubingwa mara tatu. Cam Newton alirudi Auburn akamaliza 2015. Jerome Bettis alitoka Notre Dame 1993, akarudi darasani mwaka 2022 akiwa na miaka hamsini akahitimu. Ligi ina mpango wa kurudishia wachezaji ada, na vyuo vingi vinawapokea waliotoka.

Ila nisidanganye kwamba kila mtu anarudi. Wengi hawarudi. Anayebakiza masomo mawili atarudi, anayebakiza mwaka na nusu ni kazi. Kwaiyo kijana anayejua anaweza kutoka mwaka wa tatu asome vipindi vya kiangazi kila mwaka, wengi wa futiboli wanakuwa chuoni kiangazi chote hata hivo kwa mazoezi, na siku hizi sio ajabu mtu kuondoka mapema akiwa ameshahitimu.

Kuna watu wa kwetu waliopita njia hii?

Wapo. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa akakulia Montréal, akaenda Michigan. Novemba 1995 aliikimbilia Ohio State yadi 313 kwenye mechi moja, mechi ya watani wa jadi, mpaka leo watu wa Michigan wanaitaja. Hakusubiri mwaka wa nne, 1996 Carolina Panthers wakamchukua namba 8. Majeruhi yakamuandama, miaka sita akamaliza. Je alikosea kutoka? Mimi nasema alipatia kabisa, yale majeruhi yangempata chuoni asingekuwa na kitu.

Mathias Kiwanuka ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. Yeye alizaliwa Indianapolis, akacheza Boston College mpaka mwisho wa mwaka wake wa nne, na 2006 New York Giants wakamchukua namba 32, wa mwisho wa raundi ya kwanza. Akacheza Giants maisha yake yote ya mpira.

Mkenya Daniel Adongo yeye njia yake tofauti kabisa, alikuwa mchezaji wa raga, hakupita chuo, Indianapolis Colts wakamsaini 2013. Namtaja kwa sababu watu wanaulizia, lakini ni njia ya mtu mmoja mmoja.

Ejenti anachukua ngapi?

Ejenti wa mikataba ya NFL lazima awe na leseni ya chama cha wachezaji na hawezi kuchukua zaidi ya asilimia 3 ya mkataba. Akikutajia 10 mfukuze. Wa NIL hawabanwi na kanuni hiyo, huko wanachukua wanavyotaka na kila mtu anajiita ejenti, hata binamu mwenye laptop. Soma karatasi ina muda gani, maana kuna mikataba ya NIL iliyoandikwa kijanja inakula mpaka kwenye hela ya NFL baadae.

Kijana kaamua anatoka. Familia ifanye nini Januari mpaka Aprili?

Januari anachagua ejenti na anaenda kambi ya mazoezi, mara nyingi Florida, Texas, Arizona au California, na gharama analipa ejenti. Mwulizeni kabla kama zile hela ni mkopo au la. Mwisho wa Februari ni kombaini, Indianapolis, kwa walioalikwa tu, wanapimwa mbio, kuruka, magoti, na kuhojiwa na timu. Machi kuna siku ya majaribio chuoni kwao kwa ambao hawakualikwa na wanaotaka kurudia. Aprili drafti.

Katikati ya hayo yote simu zitaanza kutoka nyumbani, kila mtu ana mgonjwa, kila mtu ana kiwanja kinauzwa, na zingine ni shida za kweli. Mzazi ndo wa kuzipokea hizo simu, sio kijana, yeye alale na afanye mazoezi. Wala msikope kwa kutegemea drafti, kuna watu wanakuja kabisa na hela mkononi wakisema utanilipa Mei. Bonasi ikiingia kodi ya serikali kuu inafika asilimia 37, majimbo mengi yanaongeza yake, ejenti anachukua yake, kinachobaki ni karibu nusu.

Na kabla hajafunga begi la kwenda kambini apite ofisi ya chuo achukue rekodi ya masomo yake na orodha iliyoandikwa ya masomo yaliyobaki, na jina la mtu wa ofisi hiyo na email yake. Mzazi abaki na kopi.